Chokaa Tumboni mwa Reli

Nianze na ukweli: mzee huyu alinichosha. Nimefundisha historia sekondari miaka mingi na nimekaa na wanafunzi wagumu wa kila aina, lakini sijakutana na mtu wa kunitoa jasho kama yeye. Unamuuliza, mzee, hilo lilitokea mwaka gani? Anakutazama, anasafisha koo, kisha naye anakuuliza: kilometa ya ngapi?

Likizo moja, miaka sita iliyopita, nilikaa barazani kwake siku tisa nikimrekodi kwa simu. Nilitaka kuandika kijitabu juu ya maisha ya kota za reli tulikokulia, kabla waliobaki hawajaisha. Nilikwenda na daftari lenye maswali yaliyopangwa vizuri, mwaka kwa mwaka. Yeye alikuwa amejipangia kilometa kwa kilometa. Tulivutana siku zote tisa, na ninapoandika haya bado nina hasira, ila sasa hasira hiyo imegeuka upande.

Jina lake sitaliandika, na hata pale kota waliolitumia walikuwa wachache. Wakubwa walimwita Nyapara, watoto tulimwita Mzee Nyapara, na mkewe akichukia alisema "huyu mtu wa reli". Alikuwa mkuu wa genge, wale watu kumi na wawili waliotunza kipande cha njia kinachopita stesheni yetu ndogo, magharibi ya Tabora mjini, ukielekea Kigoma. Kazi yao ilikuwa kukaza nati, kushindilia kokoto, kufyeka majani na kubadilisha mataruma, vile vyuma vinavyolala chini ya reli na kuishika. Baba yangu alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili.

Mwezi uliopita mtendaji wa kijiji kile alituma ujumbe kwa wote waliowahi kuishi kota. Eneo la kando ya reli litachimbwa kwa ajili ya njia mpya. Mwenye kaburi aje alionyeshe, lihamishwe kwa heshima. Yasiyo na wa kuyaonyesha yatakusanywa na kuzikwa pamoja, shimo moja. Nilimsomea mama ujumbe huo sebuleni kwetu Mtendeni, Tabora mjini. Mama ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliinuka tu, akaenda kutoa kanga yake nzuri sandukuni, akaikunjua, akaikunja tena. Ana mtoto pale. Ni kaka yangu, kifungua mimba wake, aliyeishi miezi tisa na kufariki kabla mimi sijazaliwa. Mama hajawahi kuliona kaburi lake.

Siku ya mazishi alikuwa kitandani, homa imemlaza, na genge ndilo lililozika. Baadaye hakuomba kupelekwa. Aliwahi kuniambia kwamba angeonyeshwa mahali penyewe, kila siku ya kwenda kuchanja kuni angejikuta amekaa pale mpaka jua lizame. Ilimtosha kujua kwamba baba anapita hapo kila asubuhi akiwa kazini. Sasa baba amefariki na genge lote limekwisha. Amebaki Nyapara peke yake, na ndiyo maana siwezi kumwandika kwa upole.

Mtu wa njia hutembea juu ya mataruma, na nafasi kati ya taruma na taruma ni fupi kwa hatua ya mtu mzima. Nyapara aliizoea mpaka ikawa ndiyo hatua yake popote. Barabarani, shambani, hata kanisani akienda mbele kupokea Ushirika, alipiga hatua zile zile fupi zilizopimwa. Mkewe alilalamika kwamba kwenda naye mnadani ni safari ya kutwa. Matuta yake ya mihogo yalikuwa na nafasi sawa na upana wa njia ya reli, kwa sababu aliyapima kwa chuma kile kile walichopimia njia kazini. Jirani aliyepanda kwa kukadiria kwa macho aliitwa mharibifu, na aliitwa hivyo mbele za watu.

Alikuwa na neno lake moja lililotukera sote. Ukianza kumsimulia jambo, alinyanyua kidole na kusema, "Umeanzia katikati." Kwake hakuna habari isiyokuwa na mwanzo, kama vile hakuna kukagua njia kwa kurukia kipande cha kati. Mama alimkimbilia siku moja kumwambia kuna nyoka jikoni. Nyapara akamwambia ameanzia katikati. Alikuwa wapi kabla ya kuingia jikoni? Mlango ulikuwa wazi au umefungwa? Mama anasema alipofika kwenye rangi ya nyoka, baba alikwisha kumuua na kumtupa.

Nje ya stesheni kilining'inizwa kipande cha reli chakavu, na saa kumi na mbili asubuhi Nyapara alikigonga kuita genge kazini. Kota nzima iliishi kwa mlio ule. Wanawake waliinjika uji kwa mlio ule na sisi tulioga kwa mlio ule. Yeye alikuwa Mmoraviani wa kukaa benchi la mbele, lakini mwezi wa Ramadhani aliwagongea Waislamu wa genge jioni, wapate kufungua. Jioni moja redio ilikwisha kutoa adhana na Nyapara bado amesimama na nyundo yake, anaangalia magharibi. Watu wamekaa, uji unapoa. Wakamwambia Tabora wameshafungua. Akajibu kwamba redio iko Tabora, na wao wako huku, na jua la huku bado halijazama. Nilipokuja kuwa mwalimu niliuliza wenzangu wa jiografia, nao wakaniambia mzee alikuwa sahihi, ingawa kwa dakika moja tu. Kuwa sahihi kwa dakika moja ndiko kulikoudhi zaidi.

Kiangazi visima vilipokauka, maji yaliletwa kwa behewa la tangi, likaachwa stesheni kwa saa chache. Foleni ya ndoo ilikuwa ya kwake. Wenye watoto wachanga walitangulia, kisha wagonjwa, kisha wengine kwa namba za nyumba. Mkewe alikuwa wa nyumba namba moja, na kwa hofu ya kuambiwa anapendelewa, Nyapara alimweka wa mwisho. Mara mbili behewa liliondoka kabla zamu yake haijafika. Mama ndiye aliyekuwa akimgawia ndoo moja, wakiteta kimyakimya nyuma ya nyumba.

Treni zenyewe hakuzipenda. Treni ya abiria ikisimama, sisi sote tulikuwa tunakimbilia madirishani na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, uyoga na asali ya chupa. Yeye alichuchumaa pembeni akitazama magurudumu na kusikiliza chuma. Alipanda treni mara moja tu ninayoijua, alipoandikiwa kwenda hospitali kubwa kwa ajili ya jicho. Hakulala wala kuongea na mtu, kazi yake ikawa kusikiliza maungio ya reli yanavyolia chini yake. Stesheni ya tatu alishuka kwenda kumwambia nyapara wa pale kwamba kuna ungio lake limelegea. Walipokuwa wanabishana, treni ikamwacha. Akarudi kwa miguu juu ya mataruma, siku mbili, na jicho lile hakulitibu tena.

Mtu mwaminifu namna hiyo, utadhani hakuwahi kusema uongo. Alisema, na kwa wingi. Watu wa genge walipokaribia umri wa kustaafishwa, na hawana shamba wala kwao pa kurudi, Nyapara alikwenda ofisini na kuwapunguzia miaka. Baba yangu alizaliwa mara tatu kwenye karatasi, na kila mara akawa kijana zaidi. Misiba, ndoa, tarehe za kuajiriwa, vyote alivisogeza mbele na nyuma kadiri watu walivyohitaji. Ndiyo sababu hakuwa na imani na miaka. Siku ya tatu ya kumrekodi, nilipombana sana, alinieleza bila aibu. "Miaka niliitunga mwenyewe mwanangu, nikiwa nimesimama mbele ya dawati la karani. Kilometa sijawahi kuitunga."

Jambo la makaburi ndilo lenye kuniumiza kichwa. Watu wa kota walitoka pande zote, Urambo, Kigoma, Igunga, Dodoma, na hapakuwa na hata mmoja mwenye ardhi ya ukoo pale. Aliyefariki alizikwa kando ya njia, kwenye ukanda wenye udongo laini. Msalaba wa mti uliliwa na mchwa kabla ya masika ya pili. Jiwe la alama halikudumu, kwa sababu genge lenyewe lilikuwa na haja ya mawe. Basi wakabuni alama yao. Upande wa ndani wa reli umebonyea kidogo, na wao walipaita tumboni. Wakishazika, Nyapara alitia doa la chokaa tumboni mwa reli, mkabala na kichwa cha kaburi. Kila walipopaka chokaa mawe ya stesheni, walipita na ndoo wakiyarudishia madoa yaliyofifia. Reli ikichakaa na kubadilishwa, doa lilihamishiwa kwanza kwenye reli mpya, ndipo ile ya zamani iondoke. Zaidi ya hayo, Nyapara alishika kichwani kilometa, nguzo ya simu, na idadi ya mataruma kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye doa.

Ukilitazama vizuri ni jambo la ajabu. Hawa ndio watu waliojua kuliko mtu yeyote kwamba reli hubadilishwa, maana waliibadilisha kwa mikono yao wenyewe. Bado, walipotafuta kitu kisichohama hapa duniani cha kufungia wafu wao, walichagua reli. Kulikuwa na kilima upande wa kusini. Kulikuwa na pembe ya jengo la stesheni, la mawe, ambalo lipo mpaka leo. Nimemuuliza mama kwa nini hawakupima kutoka pale, akaniambia hakuna aliyefikiri. Stesheni ilikuwa mahali ambapo mtu alihamishiwa na kuhamishwa wakati wowote, lakini njia ilikuwa ni kwao.

Genge lilivunjwa Nyapara akiwa amekwisha kustaafu. Baadaye wakaja watu wa mkandarasi na mashine, wakang'oa reli kuukuu kwa wiki chache na kutandika nyingine. Hakuna aliyewaambia habari ya chokaa, nao wangejuaje? Nyapara alipata habari wakati mabehewa yamekwisha kuondoka na reli zile, pamoja na madoa yote. Mkewe alinisimulia kwamba mzee alikaa ndani siku mbili hataki chakula. Siku ya tatu alitoka akaanza kutaja namba kwa sauti, kilometa, nguzo, taruma, akiwa anapalilia mihogo. Alifanya hivyo kila siku, wajukuu wakamcheka.

Hayo yote niliyajua wakati namrekodi, lakini niliyajua kama mambo ya kijitabu, sikudhani kwamba nina haja nayo mimi. Siku ya saba tuligombana. Ninavyokumbuka, alikuwa ameng'ang'ania namba zake tangu asubuhi, jua limetupiga, nami nina ukurasa mzima wa maswali hayajaguswa. Nilizima simu, nikaenda kumwomba mkewe maji ya kunywa. Siku mbili zilizobaki alinijibu kwa heshima kila nilichouliza, na miaka akanitajia, na nina hakika aliitunga.

Ujumbe wa mtendaji ulipokuja, nilizitafuta zile sauti nikazisikiliza ofisini shuleni, peke yangu, mlango nimeufunga. Nilipomaliza ile ya siku ya saba nilikaa kitini mpaka kengele ya kutoka. Mama sikumwambia nilichosikia. Nilimwambia tu kwamba tutakwenda kwa Nyapara mwenyewe, atatuonyesha.

Tulikwenda Jumamosi iliyopita kwa gari la kukodi. Wapimaji walikuwa wanakuja Jumatatu. Nyapara anakaa kwa binti yake sasa, maana mkewe alitangulia. Amekonda na jicho lile limezimika, ila masikio ni mazima. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza mimi ni wa genge gani. Mama alipiga goti kidogo kama zamani, akamwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka, mayo," akasema, na uso wake ukafunguka. "Nyumba namba nne."

Mama akamweleza shida yake. Safari hii alianzia mwanzo: homa, mtoto, genge lilivyochimba, baba alivyorudi na udongo magotini. Nyapara alimsikiliza bila kumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, mzee aliomba viatu.

Binti yake alimshika mkono mpaka njiani, lakini alipokanyaga taruma la kwanza aliuachia. Alitembea hatua zake zile zile. Nguzo ya zege ya kilometa mia nane tisini na mbili ipo bado. Nguzo za simu hazipo, zimebaki visiki vya chuma vilivyokatwa sawa na ardhi, na yeye alivitafuta kwa fimbo kwenye majani, kimoja kimoja, mpaka cha saba. Hapo akasimama. Akapiga magoti, jambo lililomchukua muda mrefu, akapitisha kiganja tumboni mwa reli. Alifuta vumbi, akasogea, akafuta tena. Kulikuwa na kutu tu.

"Hii reli si yangu," akasema.

Mama alikuwa amesimama ukingoni, kanga yake nzuri begani. Akauliza, "Ni hapa, shemeji?"

"Hapa ni nguzo. Kutoka hapa kuna mataruma."

"Mangapi?"

Midomo yake ilikuwa inacheza, naona anajaribu namba moja baada ya nyingine na kuzitema. Alianza kuhesabu kuelekea Kigoma, akasimama, akarudi kwenye kisiki, akaanza upya, akasimama mahali pengine kabisa. Nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata, nikamshika mkono, nikamnong'oneza anyooshe fimbo popote. Mama ana miaka zaidi ya themanini. Neno moja tu, hapa, naye atalala. Nikamkumbusha kwamba alikwisha kuwatungia watu miaka mingi, ashindwe nini kumtungia mama taruma moja?

Alinitazama kwa jicho lake zima. "Nikisema hapa, na si hapa, watabeba udongo mtupu. Mtoto atabaki, na hakuna atakayemtafuta tena."

Nilikuwa na hasira ya kulia. Nikamwambia kwamba basi akumbuke, maana hana kazi nyingine duniani ila hiyo. Ni maneno mabaya na niliyasema, na mama aliyasikia. Nyapara hakukasirika. Alionekana kushangaa, tena kushangaa kweli, kama mtu aliyedaiwa kitu alichokwisha kukikabidhi.

"Mbona unaniuliza mimi?" akasema kwa sauti. "Nilikwambia wewe. Ulikuja na simu, ukakaa barazani. Nilikwambia yote, nikasema sasa yako mahali salama, nikaacha kuyataja. Wewe ndiye unayo."

Mama akageuka kunitazama. "Alikwambia?"

Nilitoa simu. Nikatafuta sauti ya siku ya saba, nikaipeleka mpaka karibu na mwisho, nikaongeza sauti mpaka juu. Tukamsikia Nyapara wa miaka sita iliyopita, mwenye nguvu, na kuku wanalia nyuma yake.

"Mia nane tisini na mbili, nguzo ya saba. Hapo kuna kitu cha baba yako, mwanangu, kwa hiyo sikiliza vizuri. Kutoka kwenye nguzo, ukielekea Kigoma, unahesabu mataruma…"

Kisha sauti yangu, ya mwalimu aliyechoshwa na darasa. "Mzee, mataruma tuyaache. Mimi nataka mwaka."

Kuku. Halafu yeye, taratibu, "Umeanzia katikati," na hapo inakatika, kwa sababu nilizima.

Mama hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alikaa chini ukingoni mwa kokoto, akaitandaza kanga magotini, akasema, "Rudisha."

Nikarudisha. Ilifika pale pale, ikakatika pale pale. Akasema nirudishe tena. Mara ya tatu Nyapara naye alisogea, akainama, akaweka sikio lake karibu na simu, akingoja kusikia atasema mangapi.